Mabepari Ni Wangapi?

Tamthiliya ya William Shakespeare iliyoandikwa kati ya mwaka 1596 na 1597 ilikuwa na mfanyabiashara mmoja katika jina lake. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri, na Oxford University Press kuichapa mwaka 1969, yule mmoja akawa wengi, na hawakuitwa wafanyabiashara tena. Kitabu kikaitwa Mabepari wa Venisi. Ndani yake Mwalimu anamfuata Shakespeare hatua kwa hatua: hakuongeza mhusika, hakuihamishia hadithi Kariakoo, hakumfanya mtu yeyote kuwa mwema kuliko alivyokuwa. Badiliko kubwa liko kwenye jalada.

Darasani jambo hili huchukua dakika mbili. Mwalimu alikuwa mjamaa, Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, haya tuendelee na tamathali za semi. Mimi naandika tasnifu ya uzamili kuhusu tamthiliya zilizotafsiriwa, na nimekaa na jalada hilo muda mrefu kuliko msimamizi wangu anavyopenda. Sababu ni kwamba ndani ya jina lile naliona swali ambalo sijaweza kulifunga: mkataba ukiwa wa kikatili, lawama ni ya nani? Ya mtu aliyeushika mkononi, ya watu wa aina yake, au ya sheria iliyoukubali?

Kwa ambaye hajaisoma, au aliisoma ili ajibu mtihani tu, hadithi ni hii. Bassanio anataka kumposa Portia, binti tajiri wa Belmont, lakini hana fedha za kujitengeneza aonekane mtu mbele yake. Rafiki yake Antonio ana merikebu nyingi baharini na hana kitu mfukoni. Wanakwenda kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba, kuomba dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Antonio ana mazoea ya kumtemea Shylock mate na kumwita mbwa; siku hiyo anamwomba, na hata katika kuomba anamwambia kwamba atamtemea tena. Shylock anasema safari hii hataki riba. Wataandika tu, kama utani, kwamba deni lisipolipwa kwa wakati atakata ratili moja ya nyama mwilini mwa Antonio.

Habari zinafika kwamba merikebu zimezama. Wakati huohuo binti wa Shylock, Jessica, ametoroka na kijana Mkristo akiwa amebeba fedha na vito vya baba yake. Shylock sasa anautaka mkataba wake, wala hataki kusikia la mtu. Mahakamani Portia, akiwa amejigeuza mwanasheria wa kiume, anampa haki yake yote: kata nyama, ila tone la damu lisidondoke, maana damu haikuandikwa. Kisha anatoa sheria nyingine, inayomhusu mgeni anayetishia uhai wa raia. Shylock anapokonywa mali yake na, kwa pendekezo la Antonio, anaamriwa awe Mkristo.

Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kuishi huko kwa uwazi hadi mwaka 1656. Kwa hiyo wengi wa waliokuwa wakimzomea Shylock jukwaani hawakuwa wamekaa jirani na Myahudi hata siku moja. Walikuwa wakizomea picha waliyorithi. Shakespeare aliichukua picha hiyo kama ilivyo, halafu, sijui kwa huruma au kwa sababu hakuweza kuandika mtu wa karatasi hata kama angetaka, akaitia pumzi. Shylock anauliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Mahakamani anawakumbusha Waveneti kwamba wao wana watumwa waliowanunua, wanawatumia kama punda na mbwa, na hakuna anayewaambia wawaache huru wawaoze binti zao. Hakuna anayemjibu. Nimesoma onyesho hilo mara nyingi nikitafuta jibu, halipo. Mjadala unarukia jambo jingine.

Hata hivyo pumzi ile haikuzuia tamthiliya kutumiwa kwa chuki. Mwaka 1943 iliigizwa Vienna chini ya Wanazi, Shylock akiwa kinyago cha kuhalalisha mauaji yaliyokuwa yakiendelea nje ya ukumbi. Na katika Kiingereza jina lake limebaki kuwa tusi la mkopeshaji katili. Jina la tamthiliya linamtaja Antonio. Kumbukumbu ya watu ikamchagua Shylock.

Nyerere aliikuta tamthiliya ikiwa na mzigo huo, akachagua neno bepari. Neno lenyewe lina safari ndefu. Lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara, mtu wa duka na mizani. Kwa maana hiyo ya zamani, Mwalimu hakupotosha chochote. Lakini kufikia mwaka 1969 hakuna Mtanzania aliyelisikia neno bepari akafikiria mizani. Alifikiria mnyonyaji, kupe, mwenye mirija. Jina la kitabu likawa tafsiri na hukumu kwa pamoja, na ukimshtaki mfasiri kwa hukumu anakuonyesha kamusi.

Kwangu mimi, lakini, uzito uko kwenye ma- kuliko kwenye bepari. Wingi ule unamlazimisha msomaji kuhesabu. Shylock ni bepari, hilo halina ubishi. Anaishi kwa fedha inayozaa fedha. Antonio je? Ana merikebu pande zote za dunia, na faida yake inatoka kwa mabaharia wasiotajwa kwa majina. Anajisifu kwamba yeye hakopeshi kwa riba, lakini hajisifu kwamba hapati faida. Bassanio anakopa ili aoe mali. Anapomsimulia Antonio kuhusu Portia kwa mara ya kwanza, urithi wa Portia unatajwa kabla ya uzuri wake. Portia amerithi kasri na anaweza kulipa deni lile mara kadhaa bila kutetereka. Jessica anatoroka kwa mapenzi, sawa, lakini kasha la baba yake halikumtoroka. Wote wanaona ukatili wa Shylock vizuri sana kwa sababu ni yeye peke yake aliyeuandika ukatili wake kwenye karatasi.

Tarehe 14 Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, gazeti la The Nationalist lilichapisha makala ya Nyerere yenye hoja kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Alikuwa ameona hatari: watu wangelisikia neno bepari na kumtazama Mhindi wa duka la jirani. Alisisitiza kwamba mtu hawi mnyonyaji kwa kuzaliwa. Mimi hulisoma jina la tamthiliya pamoja na makala yale. Mtu aliyeandika vile hakuweza kulitafsiri jina kwa namna ambayo ingeacha kidole kikielekea kwa Myahudi mmoja. Akakitawanya kidole.

Historia haikumtii. Mwaka 1971 ilipopita sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wengi wa waliopoteza nyumba walikuwa Watanzania na wakazi wenye asili ya Asia, na mitaani ilieleweka hivyohivyo: mabepari wameondolewa. Neno lililotoka Bara Hindi kumaanisha mtu wa duka likawa limewarudia watu wenye asili ya huko, likiwa na meno. Kutawanya kidole, kumbe, ni kazi ya kila siku, na jalada la kitabu haliwezi kuifanya peke yake.

Mfasiri hakugusa matusi yaliyomo ndani ya maandishi ya Shakespeare. Antonio bado anatema mate, Shylock bado anabadilishwa dini kwa nguvu huku wengine wakiona amepewa rehema. Msomaji wa Mabepari wa Venisi anaambiwa na jalada kwamba wenye hatia ni wengi, halafu anaingia ndani na kukuta mmoja anaadhibiwa kwa niaba yao. Kuna wanaoona huo ni udhaifu, kwamba Mwalimu angeibadilisha hadithi moja kwa moja. Aliyethubutu kufanya hivyo alikuwa mwingine.

Arnold Wesker alizaliwa mwaka 1932 katika familia ya Kiyahudi ya mashariki mwa London. Alimtazama Laurence Olivier akiigiza Shylock katika National Theatre, akatoka akiwa amechukizwa: pamoja na ufundi wote, alichokiona bado kilikuwa Myahudi wa kuchukiwa. Akaandika tamthiliya yake kwa hadithi ileile. Ilionyeshwa kwanza Stockholm mwaka 1976, ikaenda New York mwaka 1977, na baadaye akaibadilisha jina kutoka The Merchant kuwa Shylock. (Mwigizaji Zero Mostel, aliyekuwa acheze Shylock huko Marekani, alifariki baada ya onyesho moja tu la majaribio Philadelphia. Tamthiliya haikuwahi kupona vizuri kutokana na hilo.)

Katika toleo la Wesker, Shylock na Antonio ni marafiki wa kushibana. Shylock anapenda vitabu kuliko fedha. Antonio anapohitaji dukati 3,000, Shylock anataka kumpa hivihivi, bila karatasi. Sheria ya Venisi ndiyo inayokataa: Myahudi haruhusiwi kufanya muamala na raia bila mkataba. Basi wanaandika upuuzi wa ratili ya nyama ili kuikejeli sheria hiyo. Merikebu zinapopotea, utani unakuwa mtego. Shylock hawezi kuufuta mkataba, kwa sababu sheria ya mikataba ndiyo ngao pekee ya Wayahudi waliofungiwa katika geto la Venisi; ikivunjwa leo kwa urafiki, kesho itavunjwa kwa uadui. Marafiki wawili wanasimama mahakamani tayari kwa kifo ambacho hakuna kati yao anayekitaka. Portia anapoona tobo la damu, Shylock anamshukuru Mungu. Halafu mahakama inamnyang'anya mali, pamoja na vitabu vyake.

Nilivutiwa sana na Wesker nilipomsoma mara ya kwanza. Amemwondolea Shylock ukatili na kumwondolea Antonio mate, akaiacha sheria ikiwa peke yake kizimbani. Nikadhani amefika mahali ambapo Nyerere aliishia kwenye jalada. Baadaye nilianza kuwa na wasiwasi naye, na wasiwasi ule ulinianzia nyumbani.

Nyumbani ni Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga. Nilikuwa likizo mwezi wa sita, ile baridi ya Ufipa inayokufanya uote jua ukutani kama mjusi, na mahindi yalikuwa yakivunwa. Mama yangu mdogo alikuwa ameandamwa na marejesho. Alikuwa kwenye kikundi cha akina mama waliodhaminiana, amechukua shilingi 500,000, na kila wiki afisa mikopo alikuja na pikipiki yake. Mmoja akikosa rejesho, kikundi kizima kinakaa hapohapo mpaka lipatikane. Wiki ile mwenzao mmoja alikuwa amechukuliwa godoro na sabufa. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Mikopo hii ina jina, nalo ni kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ipo, Benki Kuu inatoa leseni, na Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na kibali, aina ile ambayo baadhi yao humtumia kila mtu kwenye simu yako ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Jina bado linatumika.

Na jina hilo lilinishangaza. Portia aliitenga damu na nyama ili kuuvunja mkataba. Watu wetu, bila kumsoma Portia, wanaujua mkataba ambao nyama yote inabaki mwilini na damu ndiyo inayokwenda.

Nilimkuta yule afisa mikopo akisubiri chini ya mwembe, koti limefungwa hadi kidevuni. Kijana wa umri wangu, mwenye shahada. Nilimsalimia, tukaongea vizuri tu. Aliniambia kikundi kisipotimiza, pengo linaingia kwenye mshahara wake.

"Dada, mimi siwachukii hawa mama zetu. Ni mkataba tu."

Ilikuwa ni Wesker mtupu. Hakuna anayemchukia mwenzake, mikono ya wote imefungwa, sheria inakula peke yake. Na nilimwamini, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Lakini mtu aliyefungua ofisi ile, ambaye hakuna mwanamke wa kikundi kile aliyewahi kumwona, naye angeweza kusema maneno yaleyale, na mdomoni mwake yasingekuwa kweli. Yule anapata faida. Wesker amewasafisha watu kiasi kwamba hakuna tena wa kuuliza nani alifurahi.

Jioni nilimuuliza mama mdogo zile laki tano alizifanyia nini. Akasema alinunulia mahindi.

"Mahindi ya nani?"

"Ya hawa majirani. Mwezi wa pili, yakiwa bado shambani."

Yeyote aliyekulia ukanda wa mahindi anajua maana yake. Mwezi wa pili ghala limeisha, mtoto anatakiwa shule, na mkulima anauza mahindi ambayo bado hayajakomaa kwa bei ya mwenye njaa. Kagera wana butura kwenye kahawa, kusini wana kangomba kwenye korosho. Mama mdogo alikuwa amelipa chini ya nusu ya bei aliyoitarajia baada ya mavuno. Bei haikupanda alivyotarajia, ndiyo maana marejesho yakamlemea.

"Mama mdogo, na wao wakisema umewakausha?"

Hakukasirika. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua. "Mwanangu, mimi sikumfuata mtu. Walikuja wenyewe hapa mlangoni. Nisingewapa, wangekula nini?"

Ni maneno ambayo ofisi ya mikopo nayo ingeyasema juu yake. Na ni kweli pia kwamba wangekula nini? Fedha ile iliwavusha. Ada yangu ya mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza ilitoka kwenye mahindi ya namna hiyohiyo, msimu ambao bei ilipanda.

Katika hesabu ya Wesker, mama mdogo hana hatia. Ni soko, ni msimu, ni kukosa ghala na mikopo nafuu. Katika hesabu ya London ya miaka ya 1590, mwenye hatia ni yule afisa wa pikipiki, kwa sababu ndiye anayeonekana, na angekuwa wa kabila jingine ingekuwa rahisi zaidi. Wingi wa Nyerere ndio pekee unaonilazimisha kukaa na mama yangu mdogo mezani, nikampenda, nikala ugali wake, na bado nikamhesabu. Pia unanizuia kumhesabu sawa na mwenye ofisi. Mabepari wa Venisi si mabepari wa kimo kimoja: Bassanio mwenye madeni si Portia mwenye kasri, na Jessica na kasha lake yuko chini ya wote wawili. Neno lililo katika wingi halidai kwamba walio ndani yake wanalingana. Linakataa tu kwamba ni mmoja.

Jina Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Sisi wa huko tunataniwa nalo kila tunapokwenda kusoma. Ukifaulu wanauliza umetumia dawa gani. Lakini tazama agizo lenyewe linavyosema. Halisemi mtafute mchawi. Linamtaka kila anayeingia autupe wake, na hilo linadhania kwamba kila anayeingia anao kidogo. Venisi ya Shakespeare ilifanya kinyume: ilimtafuta mchawi mmoja, ikambatiza kwa nguvu, ikalala vizuri.

Ndiyo maana sehemu ya tano ya tamthiliya, ambayo walimu wengi huiruka kwa kuwa "kesi imeshaisha", mimi naiona ndiyo ya kutisha kuliko zote. Ni usiku wa mbalamwezi Belmont, kuna muziki, wapenzi wanataniana kuhusu pete. Jessica na mumewe wanakabidhiwa hati: vyote atakavyoacha Shylock akifa ni vyao. Hakuna anayeuliza mzee yuko wapi usiku huo wala amekula nini. Portia pia anampa Antonio barua. Merikebu zake tatu, zilizosemekana kuzama, zimeingia bandarini zikiwa na shehena yake. Antonio anasema amekosa la kusema. Portia anakataa kueleza barua hiyo ameipataje, na hakuna anayemuuliza mara ya pili. Wanaingia ndani.